Meneja na Kodi ya Kiwanja cha Mama

Hajazaliwa mdaiwa wa kumtazama Meneja machoni asilipe!

Maneno hayo hayakusemwa na watu. Aliyasema Meneja mwenyewe, mezani kwa mama yake, mdomo umejaa mkate, kidole kimenyooka juu utadhani dari ndiyo karani wake na inaandika.

"Nitamtazama tu, Mama. Mara moja! Hela zitamtoka mfukoni zenyewe, zinanifuata kama vifaranga."

Mama yake akammiminia chai. "Sawa, mwanangu. Ila mkate umeze kwanza."

Umeneja wenyewe ulikuwa na historia fupi. Zamani jamaa alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha sabuni. Siku moja meneja wa kweli akaumwa jino, shavu likavimba kama embe, akabaki nyumbani siku mbili. Mtunza stoo akapewa funguo za ofisi ili awafungulie wafagiaji. Akakiona kile kiti cha kuzunguka. Akakikalia. Akazunguka mpaka kichefuchefu kikamshika! Baadaye kiwanda kilikufa, meneja wa kweli akaenda zake kufuga kuku, lakini cheo kilimganda huyu wa siku mbili. Watu walimwita Meneja kwa utani. Yeye aliitika kwa dhati.

Sasa huyo mdaiwa. Marehemu baba yake Meneja aliacha kiwanja kando ya barabara, kikawa mali ya mama. Mama hakukiuza. Alimkodishia fundi wa kuchomelea mageti, mkataba wa miaka mingi, masharti mepesi ya kueleweka hata na mtoto: ardhi ya mama, jengo la fundi. Fundi alijijengea karakana yake mwenyewe juu ya udongo wa mama, na kila mwaka mvua zikikatika analipa kodi ya ardhi.

Miaka mingi mama alikwenda kuichukua mwenyewe. Anavaa akavalika, anatoka asubuhi, anarudi alasiri, kodi yote iko mkobani, haijapungua hata senti.

"Asubuhi mpaka alasiri!" Meneja alishangaa kiwanda kilipofungwa na yeye kupata muda wa kushangaa mambo ya nyumbani. "Kupokea hela ni kunyoosha mkono na kuukunja. Mama, huo si usimamizi, huo ni utalii!"

Basi akajiteua Msimamizi Mkuu wa Mali za Familia. Mali zenyewe zilikuwa hicho kiwanja kimoja. "Wewe na goti lako mpumzike, Mama. Mambo ya ardhi yanataka mwanamume." Kwa jasho lake angechukua fungu moja katika kumi.

Mama hakubisha. Alitazama tu viatu vyake vya kutokea, vile vyeusi, akavirudisha chini ya kitanda.

Na toka siku hiyo, fundi hakulipa tena!

Mwaka wa kwanza, kimya. Meneja akatuma ujumbe mkali. Kimya. Mwaka wa pili akatuma mkali zaidi, wenye neno "vinginevyo" mara tatu. Kimya cha kaburi! Na hapo nyumbani paa la mama lilikuwa limeanza kutoboka. Hela za kodi ndizo zilizokuwa zikiliziba. Sasa mvua ikinyesha, mama anatandaza mabeseni sebuleni, na Meneja na mkewe, waliokuwa wakikaa naye, wanalala wamefunikwa nailoni kama bidhaa za sokoni.

"Mvua nyingine inakuja," mkewe alimwambia. Huyu mke alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke wa maneno machache, kila neno lina sindano. "Umeme unamulika huko. Ama fundi alipe, ama tuanze kufuga samaki humu ndani."

Ndipo Meneja alipotamka yale ya kutazama machoni.

*

Alivaa suti yake ya harusi. Kifungo cha tumboni kilikuwa kimechoka kugombana na kitambi, lakini kilijitahidi siku hiyo, Mungu akilipe. Mkononi mkoba wa ngozi. Ndani ya mkoba kitana. Kichwani nywele za kuchana zilikuwa zimeshahama zamani.

Mbele ya karakana mageti yalisimama safu kwa safu yakiegemea ukuta: makubwa, madogo, ya maua, ya mishale, moja lina simba wawili wa chuma wanaopigana au wanaokumbatiana, haikueleweka vizuri. Ndani, fundi alikuwa amechuchumaa juu ya nondo, kinyago cheusi usoni, mashine inanguruma, cheche zinaruka kama harusi ya vimulimuli.

"Usiangalie moto!" fundi alipaza sauti toka ndani ya kinyago.

Meneja akacheka kwa pua. Angalia ujanja wa mdaiwa! Mdai kaja kumtazama, yeye anamwambia asitazame! Akapanua miguu, akakaza macho kwenye ule mwanga mweupe. Hakupepesa! Fundi akamaliza kipande kimoja, akaanza kingine, akamaliza, na Meneja bado kakaza kama askari wa sanamu.

Fundi akavua kinyago. Mzee wa ndevu nyeupe, ncha zimeungua, mikono mipana kama makasia, uso wa kicheko.

"Kijana! Nimekwambia usiangalie!"

"Mimi si kijana. Mimi ni Msimamizi."

"Ahaa, kumbe wewe ni mtoto wa Bibie mwenye kiwanja! Nimekujua kwa masikio. Karibu, karibu! Mama hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja kwa ajili ya..."

"Na goti lake?"

"Goti lipo. Nimekuja kwa ajili ya kodi ya ardhi, ya miaka miwili, na nakutazama machoni!"

"Naona." Fundi akavuta kibao, akampangusia vumbi. "Anatembea vizuri lakini? Anaweza kufika mpaka huku?"

"Mzee, usinizungushe! Usipolipa, tunachukua ardhi yetu!"

Fundi akakuna ndevu. "Chukueni, ni haki yenu. Ila jengo ni langu. Sasa sijui utaichomoa vipi hiyo ardhi hapo chini. Utanivutia polepole, kama shuka chini ya mgonjwa?"

Mafundi wenzake wawili wakaangua kicheko. Meneja akahisi masikio yanachemka.

"Lini utalipa?"

"Mwenyewe akija, tutaongea. Msalimie sana. Mwambie nimeuliza goti."

Meneja akatoka kifua mbele. Njiani alijihesabia ushindi: mzee alikuwa amekwepesha macho! Bila shaka alikwepesha!

Jioni macho ya Meneja yakaanza kuwasha. Mara yakaanza kuuma, kama mtu kayatia mchanga wenye pilipili. Mara machozi! Yakamiminika hata kabla ya mvua, mabeseni ya mama yakapata kazi mapema.

"Mke wangu! Napofuka! Fundi kanifanyia kitu!"

Mkewe akamlaza, akambandika vitambaa vya maji baridi. "Hujafanyiwa kitu. Umetazama moto wa kuchomelea bila miwani. Hata mbuzi wa pale jirani na karakana huwa wanageuka upande mwingine."

Asubuhi alilazimika kwenda dukani kununua dawa ya macho, macho mekundu, mashavu yamelowa. Muuza duka akamtazama, akamshika bega kwa huruma.

"Pole, Meneja. Nimesikia ulikwenda kwa fundi kudai. Kumbe mpaka umelia?"

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari: Meneja kampigia mdaiwa magoti, kalia, na bado kanyimwa!

*

Mwanamume akiaibika mara moja hujifunza. Meneja hakuwa mwanamume wa kujifunza upesi.

"Nitamfungia!" alitangaza. "Akikuta karakana ina kufuli langu, atalipa mbio mbio!"

Alinunua mnyororo wa kufungia ng'ombe dume na kufuli kubwa kama kobe. Alfajiri, kabla fundi hajafungua, akafika pale akinyata na suti yake. Akatafuta geti la karakana. Lipi sasa? Mageti yalikuwa tele! Hakujua kwamba karakana yenyewe haikuwa na geti hata moja. Fundi viatu hutembea peku. Fundi mageti alikuwa akifunga kwake kwa bati kuukuu na jiwe.

Meneja akachagua lile la simba, maana lilikuwa kubwa kuliko yote na limesimama wima katikati ya nguzo mbili. Akapitisha mnyororo. Mnyororo ulikuwa mrefu, ukabaki. Hapo ndipo wazo kuu lilipomshukia! Akajizungushia mnyororo uliobaki kiunoni, akafunga kufuli. Ufunguo alikuwa ameuacha nyumbani makusudi, ili hata akishikwa na huruma asiweze kufungua.

"Atakayeliondoa geti hili," alijisemea, "aniondoe na mimi!"

Akaliegemea kwa madaha, mikono kifuani.

Kumbe lilikuwa limesimamishwa pale likauke rangi.

Jua halijapanda vizuri, likaja lori. Wakashuka wabebaji wanne wenye shingo kama vigogo, na mama mmoja mnene mwenye miwani ya jua, mwenye nyumba ya wageni.

"Ndilo hili!" mama akapiga makofi. "Simba wangu! Pakieni!"

"Hakuna kupakia!" Meneja akanguruma. "Geti hili limefungwa kwa amri!"

Mama akasogea, akalitazama kufuli, akalitazama na mnyororo. Uso ukamng'aa. "Fundi kanitilia na kufuli! Na mnyororo! Na kulipia sikulipia! Muungwana yule!"

"Mama, hunielewi. Atakayeliondoa geti, aniondoe na mimi!"

Wabebaji wakatazamana. "Anasema anakuja nalo," mmoja akaeleza.

"Basi mpakieni," alisema mama. "Siwezi kukataa cha bure."

Wakainua! Geti juu, Meneja juu! Miguu inapiga hewa, kifungo cha tumboni kimeruka, kikampiga mbebaji kwenye sikio. Wakamsimamisha juu ya lori nyuma ya nondo, kashikwa kiuno na mnyororo, simba mmoja kulia, simba mwingine kushoto, yeye katikati kama mfalme aliyepinduliwa.

Lori likapita barabara kuu polepole, kwa sababu ya mashimo. Likapita sokoni. Likapita zahanati, ambako muuguzi mmoja aliyekuwa akianika mashuka alitazama, akatazama tena, akarudi ndani. Watu wakawa wanauliza kosa lake ni nini. Wengine wakasema ni mwizi. Wengine wakasema hapana, ni tangazo la sarakasi. Muuza duka wa dawa ya macho akapunga mkono: "Meneja! Safari njema!"

Kule nyumba ya wageni waliliegesha geti langoni, na Meneja nalo. Mama mwenye nyumba akamzunguka, akamkagua.

"Una sura ya ukali. Umewahi kulinda?"

"Mimi ni Meneja!"

"Wote husema hivyo. Mshahara tutazungumza mwisho wa mwezi. Chakula cha mchana kipo. Mgeni akija, unasimama."

Na kweli alikuja mgeni, mfanyabiashara mwenye sanduku. Meneja, kwa kuwa alikuwa tayari kasimama, akaonekana mlinzi hodari. Akapewa sanduku ashike!

Fundi alifika kwa baiskeli, amekuja kupachika geti na kupokea malipo yake. Alipomkuta msimamizi wa kiwanja kafungwa pale na sanduku la watu mkononi, aliegesha baiskeli. Mwanaume mwingine angecheka. Yeye alikohoa tu, kikohozi kirefu sana, huku amegeukia ukutani. Kisha akatoa waya mwembamba mfukoni, akauchomeka kwenye kufuli, akazungusha. Ta! Likafunguka.

"Kufuli la bei rahisi hili," alisema kwa upole. "Siku nyingine niulize mimi."

Meneja akavua koti lake. Mgongoni rangi nyeusi ilikuwa imechora nondo za geti, zimenyooka vizuri kabisa.

"Mzee, kodi," alisema kwa sauti ndogo.

"Mwenyewe akija, tutaongea. Goti je, analichua?"

*

Usiku ule mvua ilishuka kwa hasira za miezi. Asubuhi mama alimwaga mabeseni, akakamua mto wake, akavuta viatu vyeusi toka chini ya kitanda.

"Nakwenda mwenyewe."

"Mama!" Meneja akaruka. "Yule mzee ni sugu! Mimi, na ukali wangu huu, kanishinda. Wewe atakumeza mzimamzima, ateme goti!"

"Mwanangu," mama akasema akijipaka poda mbele ya kioo, "wewe umemtazama machoni. Umemfunga. Umepanda na lori. Mimi nitamwomba tu."

Mkewe Meneja, aliyekuwa akipiga pasi sare yake, akatabasamu peke yake. Alimfungia mama mkwe kitambaa kizuri cha kichwa, akampulizia manukato nyuma ya masikio. Meneja akaona huo ni upuuzi. Manukato ya kwendea kudai deni!

Alimwacha mama atangulie, kisha akamfuata kwa mbali. Nia yake, alijiambia, ni kumlinda. Nia yake hasa ilikuwa kumwona akinyimwa. Maana akipata, ukali wa Meneja utaonekana vipi mbele ya watu?

Akapita nyuma ya safu za mageti, akajibanza kwenye geti jipya lisilopakwa rangi. Kutoka pale aliwaona ila hakuwasikia. Akasogeza kichwa karibu na nondo. Bado. Akakisukuma kidogo katikati ya nondo mbili. Kikapita! Sasa alisikia kila neno.

Fundi alikuwa ameshaona viatu vyeusi vinavuka barabara. Alizima mashine. Aliwatuma wenzake wakanunue nondo, nao wakasema nondo zipo, naye akasema wakanunue nyingine. Akainamia ndoo, akanawa uso mara mbili, akajaribu kuzilaza ndevu.

"Bibie," alisema, akasahau mengine yote.

"Mdaiwa wangu," mama akajibu.

"Karibu ukae." Akatoka ndani na kiti cha chuma chenye mto wa sponji na mikono ya kuegemea. "Nilikutengenezea tangu mwaka juzi. Nimekipima kimo, usikunje sana goti."

Mama akakaa. Goti likakaa. Akashusha pumzi. "Kinanienea kabisa. Kwa nini hukumpa mwanangu aniletee?"

"Ningempa, wewe ungekuja kufanya nini?"

Meneja akakunja uso kwenye nondo. Swali gani hilo?

"Nimekuja kwa habari ya kodi," mama akasema.

Fundi akaingia tena, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Akatoa mafurushi ya noti yaliyofungwa kwa mpira. "Hii ya mwaka juzi. Hii ya mwaka jana. Na hii ya mwaka ujao, ukiitaka."

"Kumbe unazo!"

"Nilikuwa nazo siku zote, Bibie. Kila mwaka mvua zikikatika naweka tayari. Nanunua na majani ya chai mapya. Halafu unakuja ujumbe kwamba usimamizi umebadilika! Nikasema, nikimlipa huyu kijana, basi. Mwaka mzima nitaonana na nani? Nikadhani nisipolipa, utakasirika, utakuja mwenyewe."

Mama akapiga mkono wa kiti. "Wewe mzee hovyo! Miaka miwili paa langu linavuja! Nalala na mabeseni!"

Fundi akasimama wima, uso umebadilika. "Linavuja? Wallahi sikujua! Hakuniambia! Ningepanda siku ileile na mabati yangu!"

"Alikwambia nini kumbe?"

"Alisema ananitazama machoni."

Hapo mama akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka kitambaa cha kichwa kikamlegea. Meneja, nyuma ya geti, hasira zikamtoka ghafla. Kicheko kile hakuwa amekisikia nyumbani tangu baba yake afariki. Alikuwa amekisahau kama alivyosahau sauti ya king'ora cha kiwanda. Kumbe ndicho mama alichokuwa akija kukichukua huku kila mwaka, asubuhi mpaka alasiri, na kodi juu yake!

Na yeye, Msimamizi Mkuu, ndiye aliyekikata.

Alitaka aondoke taratibu, awaache. Akavuta kichwa.

Kichwa hakikutoka!

Kuingia kiliingia vizuri, masikio yakalala kwa adabu. Kutoka, masikio yakasimama kama mabawa ya kuku anayechunguliwa. Akavuta. Wapi! Akazungusha. Wapi!

"Bibie," fundi alikuwa akisema huko, sauti imekwaruza, "mimi ni mgane, wewe mjane. Nimechoka kulipa kodi."

"Umechoka?"

"Nimechoka kulipa mara moja kwa mwaka. Nataka nikuone kila siku. Nakuposa."

Mama akakunja na kukunjua kamba ya mkoba wake. "Mimi nimekubali tangu mwaka ule uliponiuliza goti mara ya kwanza," alisema. "Lakini nina mwanangu. Ana makelele, ila ndiye damu yangu. Sitaki nyumba ya watu wanaonuniana mezani. Siku atakapokuita baba kwa kinywa chake mwenyewe, siku hiyo ndiyo jibu langu."

Fundi akajikalia chini kwenye nondo. "Yule? Aniite baba? Mimi niliyemfungua kwenye geti la watu? Hata 'mzee' ananiita kwa shida! Basi ngoja nisubiri, labda chuma kitaota majani."

Ndipo geti la Meneja likatikisika. Alikuwa amelivuta kwa nguvu zote. Likagonga la jirani, la jirani likagonga la mwenzake, safu nzima ikalia kengelekengele kama shule imefunguliwa.

"Nani huko?"

Wakaja wote wawili. Wakakuta kichwa. Kipara kinang'aa jasho, masikio mekundu, macho yanatafuta pa kuangalia.

"Nilikuwa," Meneja akasema, "nakagua ubora."

Mama akaweka mkono kiunoni. Fundi akakipapasa chuma, akalisukuma sikio kwa kidole, akatikisa kichwa kifundi.

"Mafuta hayatasaidia. Hapa ni kukata. Kijana, tulia. Usipotulia utaondoka na sikio moja, na mimi jozi sina akiba."

Akachomeka grinda. Ile mashine ikaamka, diski ikawa haionekani kwa kasi, ikapiga ukelele wa kupasua mbingu. Fundi akavuta kinyago usoni, akainama. Diski ikagusa nondo upande wa sikio la kushoto. Cheche! Moja ikatua kwenye kipara!

Hapo ukali wote ulimwisha Meneja. Umeneja ukamtoka, usimamizi ukamtoka, miaka arobaini na kitu ikamtoka, akabaki mtoto mdogo aliyenaswa juu ya ukuta wa watu.

"Baba!" alipiga yowe. "Baba wee! Baba yangu, masikio!"

Grinda ikazimika.

Fundi akainua kinyago polepole, akamgeukia mama.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu," mama akasema, akijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitambaa. Kisha akarekebisha mkoba begani, akashika lile sikio la kushoto kwa vidole viwili, akalilaza vizuri pembeni lisiguswe na diski.

"Haya kata, mume wangu. Ila taratibu. Watoto wetu ndio huyu mmoja."